UZI: Vancouver-Point Grey, jimbo lenye jina moja na sura tatu (1933 hadi leo)

MzeeWaMasanduku

Salaam wanajamvi.

Kwenye uzi wa siasa za Kanada kila aliyetaja Vancouver-Point Grey aliiita "ngome". Mmoja kasema ngome ya chama cha Liberal, mwingine ngome ya NDP (chama cha mrengo wa kushoto), na kuna aliyekumbushia chama cha Social Credit. Wote wana ushahidi, ila wanausoma vibaya. Wanachukua jina la jimbo tangu 1933 wanalifanya kitu kimoja, wakati lilikuwa na viti vitatu, likawa na viwili, leo lina kimoja. Namna ya kupiga kura nayo ilibadilishwa katikati, kisha ikarudishwa.

Tuelewane kwanza: British Columbia (BC) nitaiita mkoa, Point Grey nitaiita jimbo, na mkuu wa serikali ya mkoa nitamwita waziri kiongozi, kama tulivyokuwa tukimwita yule wa Zanzibar kabla ya 2010.

Mahali penyewe ni rasi iliyo magharibi mwa Vancouver. Kwenye ncha yake kuna Chuo Kikuu cha British Columbia (UBC), ukirudi mjini unakuta mtaa wa West Point Grey, kisha Kitsilano. Point Grey iliwahi kuwa manispaa yake yenyewe: ilijitenga na South Vancouver mwaka 1908, na tarehe 1 Januari 1929 zote mbili zikamezwa na jiji la Vancouver. Uchaguzi wa mkoa wa 1933 ndio wa kwanza kuwa na jimbo la Vancouver-Point Grey, likiwa na wabunge 3.

Sasa zama zake:

1933 hadi 1966, viti 3. Mpiga kura anachagua hadi watu watatu, watatu wanaoongoza wanaingia. Hapa ndipo alipokaa R. L. Maitland, kiongozi wa Conservative, aliyeingia 1937 akawa Mwanasheria Mkuu wa mkoa kwenye serikali ya mseto wa Liberal na Conservative iliyoundwa 1941. Tilly Rolston naye aliingia 1941. Katikati ya zama hizi kuna chaguzi mbili, 1952 na 1953, ambazo zina mfumo wa peke yake. Hizo ziacheni kwanza.

1966 hadi 1991, viti 2.

1991 hadi sasa, kiti 1.

Ukichora jedwali la asilimia kutoka 1933 hadi 2024 kwa mstari mmoja, umechora uongo. Karibuni.

Kiberenge

Mkuu, hiyo ya kumpa mtu mmoja kura tatu si ndiyo ile ile Kura Tatu ya Tanganyika 1958?

MzeeWaMasanduku

Hapana, Kiberenge. Kura Tatu ilimlazimisha mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukiacha kundi moja, karatasi yako imeharibika. Ndiyo maana TANU walikesha Tabora Januari 1958 wakibishana kama waingie au wasuse. Point Grey viti vitatu havikugawanywa kwa rangi. Ungeweza kumpa kura mtu mmoja tu, ukaziacha mbili, na karatasi ikahesabiwa.

Ila usidhani ubaguzi haukuwepo. BC uliwekwa mlangoni, kwenye daftari la wapiga kura: raia wenye asili ya China na India walirudishiwa kura ya mkoa 1947, wenye asili ya Japani na wenyeji wa asili 1949. Kwa hiyo matokeo yote ya Point Grey kabla ya hapo ni ya sehemu tu ya wakazi wake. Ukiona idadi ya walioandikishwa imeruka ghafla mwishoni mwa miaka ya 1940, usikimbilie kusema watu walihamia.

Nahodha_Mstaafu

Nieleze 1952, maana bila hiyo hamtaelewa Rolston alikwenda wapi.

Serikali ya mseto ilikuwa inavunjika. Liberal na Conservative walitaka kushindana bila kuwaachia CCF, chama cha kijamaa ambacho baadaye kiligeuka NDP, njia ya kupenya katikati yao. Wakaleta kura ya kupanga: badala ya alama ya X, unaandika 1, 2, 3 kwa kadiri unavyowapenda wagombea. Hesabu yao ilikuwa kwamba mtu wa Liberal atampa Conservative namba 2, na wa Conservative atarudisha fadhila.

Kuhesabu kunakwenda hivi:

Zinahesabiwa namba 1 zote. Aliyepita nusu ya kura halali ameshinda. Kama hakuna, wa mwisho anaondolewa, karatasi zake zinafunguliwa tena na kila moja inapelekwa kwa aliyeandikwa namba 2. Karatasi isiyo na namba 2 inawekwa kando, haihesabiki tena. Mnarudia mpaka mmoja apite nusu ya zilizobaki.

Point Grey kulikuwa na ugumu wa ziada: viti 3. Mfumo huu ni wa kumpata mshindi mmoja, kwa hiyo jimbo lilipewa karatasi tatu tofauti, kila kiti na karatasi yake na wagombea wake. Kila chama kikaamua nani agombee kiti kipi. Ndiyo kusema wagombea wawili wa chama kimoja hawakukutana kwenye karatasi moja, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kawaida.

Hesabu yao ikawageuka. Wafuasi wa CCF hawakuwapa namba 2 wakubwa wa serikali, walimpa Social Credit, chama ambacho hakikuwa na kazi ya maana mkoani kabla ya hapo. Wafuasi wengi wa vyama vya mseto nao wakafanya vivyo hivyo. Uchaguzi ulikuwa 12 Juni 1952, na kuhesabu kukachukua wiki kadhaa. Mwisho: Social Credit 19, CCF 18, Liberal 6, Conservative 4, na mmoja wa Labour. CCF ndiyo waliongoza kwa namba 1 mkoa mzima, lakini serikali wakaikosa. W. A. C. Bennett wa Social Credit akaapishwa kuwa waziri kiongozi 1 Agosti.

Rolston alikuwa ameshawahama Conservative na kumfuata Bennett. Akashinda Point Grey kwa tiketi ya Social Credit na kupewa Wizara ya Elimu, mwanamke wa kwanza Kanada kuwa waziri mwenye wizara yake. Mwaka 1953 wakarudi kwenye uchaguzi kwa mfumo uleule na akakosa kiti, wakati chama chake kilikuwa kinapata wingi wa kutosha mkoani. Mwaka huohuo Point Grey ikampeleka bungeni Arthur Laing, kiongozi wa Liberal, pamoja na Robert Bonner wa Social Credit, Mwanasheria Mkuu. Rolston alifariki mwaka huohuo.

Baada ya hapo Social Credit walifuta kura ya kupanga. Imeshawaingiza, ya nini tena? Mwaka 1956 wamerudi kwenye X, na Laing akapoteza kiti.

binti_Takwimu

Asante Nahodha. Niongeze la kiufundi kwa wanaochukua takwimu za miaka hiyo, maana makosa ni yaleyale kila siku.

1952 na 1953, safu ya "kura" kwenye vitabu vingi ni ya namba 1 tu, wakati mshindi alipatikana raundi ya mwisho. Utaona mgombea aliyekuwa wa pili ameandikwa mshindi ukadhani ni kosa la chapa. Si kosa. Tafuta safu ya raundi ya mwisho. Na usijumlishe karatasi tatu za Point Grey kana kwamba ni watu watatu tofauti, ni mtu yuleyule aliyepewa karatasi tatu.

Chaguzi nyingine za viti 3 au 2 tatizo ni kigawanyo. Chukua mfano wa kubuni: jimbo la viti 2, watu 21,000 wamepiga kura, lakini jumla ya kura za wagombea wote ni 40,000, kwa sababu kila mtu ana mbili na wengine wametumia moja. Mgombea kapata 11,000. Ukigawanya kwa 40,000 unapata asilimia 27.5, anaonekana dhaifu. Ukigawanya kwa watu 21,000 unapata kama asilimia 52, yaani zaidi ya nusu ya waliofika kituoni walimtaka. Mgombea yuleyule. Kigawanyo kiandikwe chini ya jedwali, na asilimia hizo zisikae safu moja na za baada ya 1991.

Hapohapo angalia pengo: 21,000 mara 2 ni 42,000, zimetumika 40,000. Kura 2,000 ziliachwa kwa makusudi au kwa kutojua. Mashabiki wa mtu mmoja huwa wanafanya hivyo ili wasimpe nguvu mshindani wake. Mgombea mwenye jina kubwa kuliko chama chake hufaidika sana.

Kiberenge

Na hapo ndipo anaingia yule profesa?

Nahodha_Mstaafu

Ndiyo, Pat McGeer, mtafiti wa ubongo pale UBC. Buda Brown wa Social Credit alifariki 1962, uchaguzi mdogo ukafanyika Desemba, McGeer akashinda kwa tiketi ya Liberal. 1963 viti vitatu vikagawanyika: Bonner na Ralph Loffmark wa Social Credit, McGeer wa Liberal.

1966 kiti kimoja kikaondolewa. Tazameni kilichotokea: McGeer na Garde Gardom, wote Liberal, wakachukua viti vyote 2, na Bonner, Mwanasheria Mkuu wa serikali iliyokuwa inashinda kote mkoani, akabwagwa. Ilibidi akatafutiwe kiti Cariboo, mamia ya kilomita kaskazini, kwa uchaguzi mdogo.

Hawa wawili walishinda tena 1969, na tena 1972 wakati NDP ya Dave Barrett inazoa viti 38 kati ya 55. Kabla ya uchaguzi wa 1975 wakahamia Social Credit ya Bill Bennett (mtoto wa W. A. C.), wakashinda, McGeer akapewa Elimu na Gardom akawa Mwanasheria Mkuu. Jimbo halikubadili wabunge hata mmoja, lakini kwenye ramani ya rangi limegeuka kutoka Liberal kwenda Social Credit. Anayesema "wapiga kura wa Point Grey waliihama Liberal 1975" aangalie kwanza nani alimhama nani.

MzeeWaMasanduku

Hapo umenisaidia. Na 1986 wote wawili wakapumzika. Social Credit wakamsimamisha Kim Campbell, akashinda kiti kimoja; cha pili kikaenda kwa Darlene Marzari wa NDP. Jimbo moja, siku moja, wapiga kura walewale, wabunge wa vyama viwili vinavyochukiana. Viti viwili vinaruhusu hilo pale vyama vinapokaribiana: wachache tu wakigawa kura zao mbili, jimbo linapasuka. Campbell aliondoka 1988 kwenda Bunge la Shirikisho, na 1993 akawa Waziri Mkuu wa Kanada. Uchaguzi mdogo wa 1989 ukampa kiti Tom Perry wa NDP.

Mwanasheria_Kijana

Mnaruka mipaka. Viti viwili viliondokaje 1991? Haikuwa hisani ya mtu.

Nyuma kidogo: 1978 tume ya jaji Lawrence Eckardt ilichora upya majimbo, na jimbo la Vancouver-Little Mountain la waziri Grace McCarthy likachomozewa kipande chembamba kilichoingia mtaa wenye kura nzuri kwake. Waandishi wakakiita Kidole cha Gracie. Kikatumika kwenye uchaguzi wa 1979.

Halafu ikaja kesi ya Dixon, 1989. Jaji Beverley McLachlin alikuta majimbo ya mkoa hayalingani hata kidogo: Atlin lilikuwa chini ya wastani wa watu kwa zaidi ya asilimia 80, Coquitlam-Moody juu ya wastani kwa zaidi ya 60. Akaamua kwamba haki ya kupiga kura kwenye Mkataba wa Haki wa Kanada inahusu pia uzito wa kura. Tume ya jaji Thomas Fisher ilikuwa imeshapendekeza viti 75, kila jimbo mbunge mmoja. Ramani hiyo ndiyo ya 1991. Marzari akabaki na Point Grey peke yake.

Utaratibu wa sasa: tume inaundwa baada ya kila chaguzi kuu mbili, ina watu watatu, yaani jaji, mkuu wa Elections BC (tume ya uchaguzi ya mkoa), na mtu wa tatu asiyekuwa mbunge. Inaruhusiwa kwenda asilimia 25 juu au chini ya wastani, zaidi ya hapo kwa mazingira ya pekee sana. Kenya Katiba inaruhusu 30, na 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache. Viti vya BC vimepanda: 79 mwaka 2001, 85 mwaka 2009, 87 mwaka 2017, 93 mwaka 2024. Kila vinapoongezwa Vancouver inakatwa upya. Kwa hiyo ukilinganisha Point Grey ya 2005 na ya 2009, usitumie jumla ya jimbo. Chukua matokeo ya kituo kwa kituo, weka juu ya ramani mpya, jumlisha vilivyobaki ndani. Kinachosumbua ni kura za mapema na za posta, hazina mtaa. Watu huzigawa kwa uwiano wa kura za siku yenyewe. Ni makadirio, yaandikwe kuwa makadirio.

binti_Takwimu

Na majina ya vyama, tafadhali. Liberal wa BC waliokuwa madarakani 2001 hadi 2017 hawakuwa tawi la Liberal wa Ottawa, yaani wa shirikisho. Walibadili jina kuwa BC United 2023, na mwishoni mwa Agosti 2024 wakasitisha kampeni kabisa. Ukiweka Liberal ya McGeer 1966 na Liberal ya Gordon Campbell 2001 rangi moja, umeunganisha vitu viwili kwa jina tu.

Pwani_Kwetu

Sasa tupeni hawa wa karibuni, ndio tunaowajua.

MzeeWaMasanduku

Haya, kwa haraka.

Gordon Campbell, meya wa zamani wa Vancouver, alichukua Point Grey 1996. Chama chake kilipata kura nyingi kuliko NDP mkoani, kama asilimia 42 kwa 39, lakini NDP ikapata viti 39 kwa 33. 2001 akalipiza: viti 77 kati ya 79. Akashinda jimbo tena 2005 na 2009. Novemba 2010, kodi mpya ya mauzo, HST, ikiwa imewakasirisha watu, akatangaza kung'atuka.

Christy Clark wa chama hichohicho akaapishwa kuwa waziri kiongozi Machi 2011 akiwa hana kiti. Sheria haimzuii kuongoza serikali, ila bungeni hana pa kukaa. Campbell alikuwa anaachia Point Grey, Clark akasimama hapo 11 Mei 2011, akamshinda David Eby wa NDP kwa tofauti ndogo.

14 Mei 2013 ndiyo siku ya ajabu. Kura za maoni zilikuwa zinasema NDP wanachukua mkoa. Clark akashinda mkoa, viti 49 kati ya 85, akapoteza Point Grey kwa Eby kwa zaidi ya kura 1,000. Mbunge wa Westside-Kelowna akampisha, akashinda huko Julai. Eby akabaki: 2017, 2020, na 18 Novemba 2022 akawa waziri kiongozi. 2024 kashinda tena jimboni.

Hesabuni: Gordon Campbell, Clark, Eby. Mawaziri viongozi watatu ndani ya miongo mitatu, na Kim Campbell juu yao.

Pwani_Kwetu

Iweje Clark ashinde pale 2011 na kuanguka 2013, mipaka ileile?

Nahodha_Mstaafu

Uchaguzi mdogo na uchaguzi mkuu si mchezo mmoja. Uchaguzi mdogo hauna kelele za mkoa mzima, anayepata faida ni mwenye orodha nzuri ya watu wake na magari ya kuwapeleka vituoni. Mwaka 2013 waziri kiongozi alikuwa anazunguka mkoa mzima kuokoa viti vya wenzake, mpinzani wake yuko nyumba kwa nyumba kwenye jimbo lilelile kwa mara ya pili.

Watu pia husahau kalenda ya chuo. Chaguzi za 2005, 2009, 2013 na 2017 zilikuwa Mei, masomo ya UBC yanaisha Aprili, wanafunzi wengi wameshaondoka kwenye mabweni. Zikahamishiwa Oktoba, katikati ya muhula. 2020 ilikuwa Oktoba lakini madarasa yalikuwa mtandaoni kwa sababu ya korona, kwa hiyo tangu zihamishwe, Oktoba ya kwanza yenye chuo kilichojaa ni 2024. Kulinganisha vituo vya UBC vya Mei na vya Oktoba bila kusema hivyo ni kudanganya wasomaji.

Kiberenge

Na kura zikikaribiana sana, nani anaomba zihesabiwe upya?

Mwanasheria_Kijana

Usiku wa uchaguzi unapata matokeo ya awali tu. Kura za posta zilizochelewa na nyingine za pembeni zinaingia kwenye hesabu ya mwisho siku kadhaa baadaye. Tofauti ya wawili wa juu ikiwa chini ya 1/500 ya kura zote za jimbo, zinakwenda mbele ya jaji. Kura 25,000, mstari ni 50.

Point Grey ya karibuni haijafika huko. Ila tazama Surrey-Guildford 2024: usiku Conservative anaongoza kwa 103, hesabu ya mwisho NDP anaongoza kwa 27, mbele ya jaji ikawa 22. Kiti hicho ndicho kilichompa Eby viti 47 kati ya 93.

Pwani_Kwetu

Swali la mwisho, kuna vijana wetu wanasoma UBC. Wanaruhusiwa?

binti_Takwimu

Awe raia wa Kanada, miaka 18, na awe ameishi BC miezi 6 kabla ya siku ya kura. Mwenye ukaazi wa kudumu tu hapigi, hata akae miaka 20. Anayesoma mbali na kwao anachagua anwani moja, ya nyumbani au ya chuoni, si zote mbili. Asiyejiandikisha anaweza kujiandikisha siku hiyohiyo kituoni akiwa na kitambulisho chenye jina na anwani. Kadi ya mwanafunzi isiyo na anwani haitoshi peke yake, aongeze hati nyingine yenye anwani.

Na asishangae: eneo la UBC na ardhi ya chuo inayoizunguka haviko ndani ya jiji la Vancouver. Anayeishi bwenini anapiga kura ya mkoa Point Grey, lakini meya wa Vancouver hamchagui. Yeye anachagua mjumbe wa Eneo la Uchaguzi A kwenye baraza la Metro Vancouver. Wengi hufika kituo cha jiji Oktoba ya uchaguzi wa manispaa wakarudishwa.